Onyo Alilolizima Armelle

Kompyuta ya kwanza ambayo Armelle Arakaza aliiona maishani ilikuwa mbovu. Alikuwa na miaka tisa, katika kambi ya wakimbizi huko Kasulu, na mama yake, Anésie, alikuwa msaidizi kwenye zahanati ya kambi. Karani wa zahanati alibonyeza kitufe, kompyuta ikagoma. Akaipiga kofi ubavuni, ikawaka. Armelle akauliza kwa nini imekubali. Karani akacheka tu. Mama akasema, "Hata yeye hajui, mwanangu." Jibu hilo lilimkera mtoto. Siku nzima alirudi pale mlangoni kuuliza tena, mpaka akafukuzwa.

Miaka miwili baadaye walipata nafasi ya kuhamia Australia, yeye na mama tu. Baba yake, Callixte, alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa wa ini, na jina lake lilifutwa kwenye fomu kwa mstari mmoja wa kalamu. Walishuka Sydney mwezi wa Julai wakiwa wamevaa kandambili, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Baada ya kuhamahama walipata fleti ya vyumba viwili Lidcombe, karibu na reli, na hapo ndipo walipotia mizizi. Anésie alisomea kazi ya kutunza wazee, akaajiriwa katika nyumba ya wazee kule Villawood, akadumu. Armelle alishauriwa na walimu asomee uuguzi, kwa kuwa wasichana wengi wa kwao walielekea huko. Yeye akachagua kompyuta, na ndani ya kompyuta akachagua sehemu ambayo wenzake waliikimbia: kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa zamu kwa kazi zote na kupokea kila kinachoingia kutoka kwenye mtandao. Kerneli haina sura. Ikifanya vizuri hakuna anayejua kama ipo. Armelle aliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Alipomaliza chuo aliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza visanduku vya mtandao vya zahanati na nyumba za wazee, vinavyopitisha hata kengele za wagonjwa. Kiongozi wake wa kazi alikuwa Mkenya, Muema, mtu mpole wa miaka arobaini hivi, aliyefurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili katikati ya mikutano ya Kizungu. Armelle akawa fundi wa ile sehemu ya kerneli inayoupokea ujumbe, kuupanga foleni na kuupitisha. Siku moja Anésie alirudi kutoka kazini akicheka peke yake. Alikuwa ameona ukutani kwao kisanduku cheupe chenye alama ileile ya kile cha majaribio kilichokuwa juu ya meza yao ya jikoni. Kuanzia hapo kila mzee mpya aliyehamia pale aliambiwa, "Hicho ametengeneza mwanangu."

Mwaka 2021, ilipofika Agosti, Sydney ya magharibi ilikuwa imefungwa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya korona. Askari walisimama vituo vya treni wakiuliza vibali, wanajeshi waligonga milango ya watu waliowekwa karantini, na helikopta ilikuwa ikizunguka juu ya Auburn kana kwamba kuna mwizi. Armelle alifanyia kazi nyumbani. Anésie alikuwa na kibali cha kutoka kwa sababu ya kazi yake, na kila siku ya tatu alipanga foleni kupimwa pua. Nusu ya wafanyakazi wenzake walikuwa wamefungiwa majumbani kwao, wengine kwa kuugua, wengine kwa kukaa karibu na aliyeugua. Waliobaki walikimbia.

Asubuhi moja ya katikati ya mwezi huo Anésie alirudi nyumbani saa tano, wakati shifti yake ilipaswa kuisha saa tisa. Hakuvua barakoa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mgeni.

"Mama, vipi? Umeambukizwa?"

"Hapana. Wamenisimamisha."

Maneno yakatoka kidogo kidogo. Palikuwa na mzee aliyeitwa Zvonko, Mkroati wa miaka themanini na minane, aliyefanya kazi ya kuchomelea vyuma katika viwanda vya Smithfield maisha yake yote. Armelle alimjua kwa habari zake. Ndiye aliyemwita mama "Ana", na ndiye aliyemwambia kwamba alipofika Australia kijana aliwekwa kwenye hosteli ya wahamiaji palepale Villawood, kwenye mabanda ya bati, kwa hiyo wao wawili ni watu wa kambi na wanaelewana. Asubuhi hiyo alikuwa ameanguka bafuni. Anésie alikuwa upande wa pili wa jengo akiwalisha watu kumi na wanane peke yake. Alipofika chumbani kwa Zvonko na chai, saa mbili na robo, alimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, midomo ya bluu, kitufe cha kengele kikiwa kimening'inia shingoni mwake.

"Akaniambia, 'Ana, I was ringing.' Mara mbili aliniambia hivyo, wakati namfunika blanketi." Anésie aliutazama mkoba wake. "Kengele haikulia, Arme. Simu ya kengele ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Haikulia hata mara moja. Lakini meneja amefungua kompyuta ya ofisini, akanionyesha. Imeandikwa hakuna mtu aliyeita. Imeandikwa pia mtandao ulikuwa mzima. Sasa wanasema sikupita vyumbani kama inavyotakiwa, na kwamba mzee amechanganyikiwa."

Armelle alimtengenezea chai. Alimwambia wataongea na chama cha wafanyakazi, na kwamba uchunguzi ukifanywa ukweli utajulikana. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, huku macho yakienda mara kwa mara kwenye kisanduku cheupe juu ya meza, taa zake za kijani zikipepesa.

Mchana alimpigia simu Léocadie, Mkongomani wa Uvira aliyefanya shifti moja na mama yake. Alimwita tantine, yaani shangazi, kama alivyozoea tangu shule.

"Mama yako hana kosa," Léocadie alisema kabla hajaulizwa. "Mimi nilikuwa kwa upande ya jikoni. Kengele zote zilinyamaza ile asubuhi, si ya mzee Zvonko peke yake. Nilisema, leo wazee wamelala vizuri. Kumbe! Halafu ile saa tatu, télévision ya bibi moja ikakataa, nikachomoa waya ya kile kisanduku, nikarudisha. Pale pale simu yangu ikaanza kulia, kengele juu ya kengele."

"Ulimwambia meneja?"

"Nilimwambia. Akasema mimi si fundi."

Armelle alimshukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Kengele zote kunyamaza na taa ikabaki kijani, kisha kuchomoa waya kukaponya kila kitu: kwa mtu wa kazi yake huo haukuwa ushahidi wa mzee kuchanganyikiwa. Ilikuwa foleni iliyokwama ndani ya kisanduku, mahali ambapo hata kipimo cha uzima, kile kinachoripoti kwamba mtandao ni mzima, hakikufika, kwa sababu kilipita foleni nyingine. Na foleni hizo zilikuwa kazi yake.

Hakumwambia mama. Alimwambia Muema kwamba kuna malalamiko kutoka Villawood na kwamba anataka kujaribu kuirudia hali hiyo kwenye kisanduku chake. Muema alikubali. Alisema kampuni imeshapokea barua ya kituo, na fundi wa nje amekwenda kuchukua kisanduku chenyewe pamoja na kitufe cha mzee.

Kuirudia hali haikuwa rahisi. Ndani ya kisanduku mlikuwa na prosesa nne, yaani bongo nne za kufanya kazi, na kila prosesa ilikuwa na foleni yake ya ujumbe, ili zisigombanie. Armelle aliandika programu ndogo ya kuzichosha zote nne: video nyingi kwa pamoja, kama siku ambayo wazee wote wanaongea na wajukuu zao, na katikati yake kengele za uongo, moja kila sekunde. Aliiwasha asubuhi, akaiangalia mpaka jioni. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Mama alikuwa akipita jikoni kuchukua maji, akisimama kidogo nyuma yake, akiondoka. Hakuwa na kazi ya kufanya. Alisugua jiko mpaka rangi ya namba ikafutika. Siku ya tatu Léocadie alipiga simu kusema Zvonko amepata homa ya mapafu hospitalini, na haruhusiwi mgeni.

Siku ya nne, saa tano kasorobo hivi, wakati televisheni ya jirani inasubiri hesabu ya wagonjwa wapya kutangazwa, kengele za uongo zilinyamaza. Taa zilibaki kijani. Armelle hakugusa chochote. Alichungulia ndani ya kumbukumbu ya kisanduku kikiwa bado kinakwenda, foleni moja baada ya nyingine, na kwenye foleni ya prosesa ya pili, ile iliyopitisha kengele, akakuta orodha iliyojiuma mkia: ujumbe wa mwisho ulielekeza kwa wa tatu, wa tatu ukaelekeza kwa wa mwisho. Nyuma yake kengele zilikuwa zimejipanga zaidi ya mia, zote zimepokelewa, hakuna hata moja iliyopitishwa.

Sasa ilibaki kujua ni nani aliyeivuruga orodha. Kila prosesa iliandika kwenye foleni yake tu, kwa hiyo isingewezekana wawili kuandika mahali pamoja. Isipokuwa kwa njia moja. Kerneli ikiruhusiwa, huweza kuipokonya kazi zamu yake katikati na kumpa mwenye haraka zaidi, na ile iliyopokonywa ikirudi hujikuta pengine imewekwa kwenye prosesa nyingine. Kazi ikiwa imeuliza, "Niko prosesa ya ngapi?" ikajibiwa "ya pili", kisha ikapokonywa zamu kabla haijaandika, itarudi iko ya tatu huku ikiendelea kuandika kwenye foleni ya pili, wakati ya pili yenyewe nayo inaandika. Ni tukio la nukta moja katika siku nyingi. Ndiyo maana kerneli ina mlinzi wake: ukiuliza swali hilo mahali ambapo unaweza kupokonywa zamu, inapiga kelele, inaandika onyo linalotaja mstari wa programu wenye kosa.

Armelle aliufungua mstari wenyewe. Swali lilikuwa limeulizwa kwa ile njia ya pili, njia isiyokaguliwa, ambayo mlinzi haisikii. Mtu alikuwa ameibadilisha makusudi. Juu yake palikuwa na maelezo mafupi: turudi hapa baada ya toleo kutoka. Akafungua historia ya mabadiliko ili aone jina, na kabla halijatokea, alikuwa ameshajua. Armelle Arakaza, Aprili 2020. Imekaguliwa na kukubaliwa na Muema.

Alikumbuka wiki hiyo vizuri. Nyumba za wazee zilikuwa zimefunga milango kwa wageni, na familia zilitaka video. Video zikajaza mtandao, kengele zikaanza kuchelewa kwa sekunde kumi, kumi na tano. Muema akaamua waruhusu upokonyaji wa zamu, ili kengele iweze kuikatiza video, na ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini walipouwasha, kerneli ilianza kulalamika kuhusu maandishi yao ya zamani ya programu, maonyo arobaini na moja. Visanduku vilitakiwa viondoke Alhamisi. Armelle alirekebisha arobaini. Lile la mwisho lilikuwa kaidi: ukizuia upokonyaji pale, kazi iliyo katikati iliyohitaji kusubiri nafasi kwenye kumbukumbu ingekwama, na kulipanga upya kungechukua siku tatu. Alikuwa na saa moja. Akabadilisha neno moja, onyo likatoweka. Muema akaangalia, akaandika "sawa", na wote wawili wakaenda kwenye jambo jingine. Hakurudi.

Alitoka nje akasimama kwenye ngazi za jengo, bila barakoa, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akamkumbusha kwa kidole. Akarudi ndani. Kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kurekebisha. Hakujua kufanya kitu kingine. Aliitoa ile sehemu ya kusubiri kumbukumbu, akaitanguliza kabla. Kisha akazungushia uzio mistari minne tu: zuia upokonyaji, uliza prosesa, andika kwenye foleni, ruhusu tena. Akamrudisha na mlinzi mahali pake. Ilimchukua siku tatu kamili, zilezile ambazo mwaka uliopita hazikupatikana. Katika siku ya pili ya hizo tatu, Zvonko alifariki.

Anésie alipokea habari hiyo kwa simu, jikoni, akiwa amesimama. Alisema "asante kwa kuniambia" kwa Kiingereza, akaiweka simu juu ya friji, akaingia chumbani kwake. Armelle alimsikia akisali kwa Kirundi, sauti ya chini, bila kulia.

Siku mbili baadaye Armelle alimpigia Muema kwa video na kumweleza kila kitu tangu mwanzo. Muema alisikiliza akiwa ameshika shavu. Nyuma yake mkewe, mjamzito wa miezi minane, alipita na kapu la nguo.

"Umeshaijaribu hiyo fix?" Muema akauliza.

"Tangu jana, kwa mzigo mara mbili. Haijakwama."

"Poa. Basi tunatuma update kwa kila kisanduku leo. Tunaandika ni maboresho. Halafu tunanyamaza, Armelle. Si kwa ubaya. Mtu amekufa sasa. Hii ikienda kwa mawakili, wataanza na jina lako, halafu langu. Mimi viza yangu iko mikononi mwa hii kampuni. Unaniona vile niko hapa."

"Nakuona."

"Na hakuna mtu anaweza kuthibitisha ni hiyo bug iliyofanya siku hiyo. Inaweza kuwa, inaweza kosa kuwa."

"Kitufe cha mzee kimeshasomwa?" Armelle akauliza. Vitufe vile vilihifadhi kila mbonyezo mpaka kisanduku kijibu kwamba kimepitisha.

Muema akafungua faili kwenye skrini yake. "Kimesomwa."

"Mara ngapi?"

"Kumi na saba. Ya kwanza saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ya mwisho saa mbili na dakika mbili."

Armelle aliona uso wake mwenyewe kwenye kona ya skrini, umetulia kama wa mtu mwingine. "Yule mfanyakazi waliyemsimamisha kwa ajili ya hilo," akasema, "ni mama yangu mzazi."

Muema hakuwa akijua. Barua ya kituo haikutaja jina. Aliondoa mkono shavuni, akatazama pembeni, akatazama tena kamera, kisha akasema, "Nipe mpaka kesho."

Armelle hakungoja kesho ili kumwambia mama. Alimkuta mezani akichambua maharage, akayasogeza pembeni kidogo, akakaa. Alieleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila maneno ya kazi. Kwamba kengele zilifika kwenye kisanduku na kisanduku kikazimeza. Kwamba kuna mahali palipokuwa na hatari, na mashine yenyewe ilikuwa ikionya. Kwamba onyo lilizimwa.

"Nani alilizima?"

"Mimi."

Vidole vya Anésie viliacha kuchambua. "Ulijua kwamba ni hatari?"

"Nilijua ni onyo. Nilijua linahusu nini. Nilisema nitarudi, sikurudi."

"Alibonyeza mara ngapi?"

Armelle akamwambia.

Treni ya kwenda Villawood ilipita, vioo vya dirisha vikatikisika kidogo. Kisha Anésie akasema, "Mimi nilipokuwa zahanati kule kambini, niliwahi kumpa mtoto dawa ya mtoto mwingine. Nilikuwa nimechoka. Hakufa. Sikumwambia mtu yeyote mpaka leo. Kwa hiyo najua unavyojisikia, na bado sijakusamehe. Mzee yule alikuwa rafiki yangu." Akavuta sinia ya maharage karibu. "Mtoto wake yuko Perth. Mipaka imefungwa, hakuweza hata kuja kumuona. Anadhani baba yake alisahau kubonyeza kengele. Wewe ndiye utakayempigia."

"Kampuni haitaniruhusu, Mama."

"Sikukuuliza kampuni."

Muema alitimiza neno lake, ingawa si kwa namna aliyoitarajia Armelle. Aliandika ripoti ndefu kwa wakubwa, yenye mistari ile minne, tarehe, namba kumi na saba, na majina mawili, lake likiwa la kwanza. Wakubwa wakaipeleka kwa mawakili. Kilichofika kwenye nyumba ya wazee kilikuwa ukurasa mmoja uliosema kumekuwa na hitilafu nadra ya programu, imerekebishwa. Kilitosha. Anésie alipata barua ya mistari mitatu kumweleza kwamba uchunguzi umefungwa na anaweza kurudi kazini. Hapakuwa na neno la pole. Armelle alipata barua pepe ya kumkataza kuzungumza na mtu yeyote wa nje kuhusu jambo hilo.

Alimpigia mtoto wa Zvonko Jumamosi mchana, mama akiwa ameketi mbele yake, namba imeandikwa kwa mwandiko wa mama nyuma ya bahasha. Mwanamume aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu wa makamo aliyetoka kulala. Armelle alijitambulisha kwa jina, akasema yeye ndiye aliyeandika programu ya kengele, na kwamba haikufanya kazi asubuhi ile kwa kosa lake. Hakutumia neno hitilafu. Mwanamume yule alimwacha amalize.

"Alibonyeza?" akauliza.

"Ndiyo. Mara kumi na saba."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja na dakika ishirini na mbili."

Kisha mwanamume akasema baba yake alikuwa mtu asiyeacha kitu njiani. Akauliza kama yule Ana yupo. Armelle akampa mama simu, akatoka akasimama kwenye korido, akawaacha. Kupitia mlango alimsikia mama akisema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba alimfunika blanketi, kwamba chai ilikuwa bado ya moto, kwamba walikuwa wameongea.

Mazishi yalifanyika makaburi ya Rookwood, yaliyo palepale Lidcombe, kwa watu kumi tu, na wengine wakatazama kwa mtandao. Mtoto alitazama kutoka Perth. Anésie alikuwa mmoja wa wale kumi. Armelle hakwenda.

Barua ya wakili wa familia ya Zvonko ilifika kampuni mwezi wa Oktoba, wiki ambayo maduka yalifunguliwa na watu wakapanga foleni kwa vinyozi. Armelle aliitwa kwenye mkutano wa dakika tisa. Walimwambia amekiuka agizo la maandishi, na kwamba mkataba wake unaishia siku hiyo. Muema hakuachishwa. Mkewe alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike. Jioni yake Muema alituma ujumbe mfupi: "Pole dada. Nimeshindwa." Armelle alimjibu kwamba hakushindwa, na alimaanisha, japo hawakuongea tena baada ya hapo.

Kabla ya kurudisha kompyuta ya kampuni alikuwa ameomba saa mbili za kukabidhi kazi. Alizitumia kupitia yale maonyo mengine arobaini ya Aprili, moja moja, akisoma alichokuwa ameandika. Thelathini na nane yalikuwa sawa. Mawili hakuwa na hakika nayo. Aliyaandikia maelezo marefu, akaeleza hatari yake, akaweka jina lake, akayatuma kwa Muema na kwa wakubwa wote, akafunga kompyuta.

Anésie alirudi Villawood kwa wiki mbili, kisha akaacha mwenyewe. Alisema hawezi kupita mlango wa kile chumba akiwa ameshika trei. Alipata kazi nyumba nyingine, ndogo zaidi, ambako kengele ni za waya, zinalia kwa sauti mbaya ukutani. Nyumbani waliishi kwa upole wa watu wanaoogopa kuvunja kitu. Mama alipika kwa ajili ya wawili kama siku zote. Hakuwahi tena kumwambia mtu kazi ya mwanawe, na Armelle aliliona hilo na hakulisema.

Januari alifanya usaili kwenye kampuni inayotengeneza vifaa vya kuongozea treni. Walimuuliza kwa nini aliondoka kule. Aliwaeleza kwa dakika kumi hivi, akachora foleni nne kwenye ubao na kuonyesha mahali mshale ulipogeuka. Wale watatu waliokuwa wakimsaili waliacha kuandika. Mmoja, mwanamke mzee mwenye miwani, akauliza onyo lingetokea leo angefanya nini kama hana siku tatu. Armelle alisema angesimamisha toleo. Mwanamke akauliza, na kama wakubwa wakikataa? Armelle akasema hajui kama angekuwa na ujasiri, ila angeuliza kwa sauti, mbele ya watu.

Walimwambia watampigia. Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka stesheni, akamkuta mama amelala kwenye kochi na viatu vya kazi. Alimvua taratibu, kimoja kisha kingine. Mama akafumbua jicho moja, akauliza kwa Kirundi kama amekula, kisha akageukia ukutani.